Ua lisilo na majani: linakula wapi?

 

Mwezi huu tuache kidogo udongo mwekundu wa kwetu, vilima vya migodi na pori la miombo. Tusafiri kwa mawazo mpaka Kisangani, katika jimbo la Tshopo, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Kutoka mjini tushike njia ya zamani ya Buta. Baada ya kilometa 14 au 15 hivi tutafika upande wa kijiji cha Batiabongena. Hapo mto Tshopo unajipinda sawa upinde, na ndani ya mpindo ule ndimo mnakaa msitu wa Masako. Serkali ya wakati wa Wabelgiji iliutenga kuwa msitu wa akiba mwaka wa 1953, hekta 2,105. Tangu miaka mingi wanafunzi na maprofesa wa Universite ya Kisangani wanakwenda huko kujifunza. Mmoja anahesabu panya wa pori, mwingine anapima miti, mwingine anatafuta samaki wa vijito.

Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tumezoea pori lenye mwanga. Mvua inanyesha miezi mitano au sita, kisha inakuja miezi ya ukavu, majani yanaanguka na moto unapita. Kule Masako kila mwezi una mvua yake. Miti mirefu inashikana mikono huko juu, na chini kunabaki kivuli. Kuna mti mmoja wanaouita limbali. Mahali limbali imekaa kwa wingi, majani yake makubwa yanaanguka na kulala chini sawa blanketi nene, na jua linafika chini kidogo sana. Mche mwingine unaota, unatafuta mwanga, unakosa, unakufa.

Sasa tuulizane: mmea unaweza kuishi namna gani mahali pasipo na jua? Mingi inangojea mti mkubwa uanguke, nafasi ifunguke. Lakini kuna mimea mingine imepata njia tofauti kabisa. Yenyewe imeacha kutafuta jua. Haina hata jani moja la kijani. Leo tutazungumza juu ya mmoja wa hiyo.

NANASI DOGO LENYE RANGI YA DAMU

Ukitembea haraka utalipita, hata kulikanyaga. Lakini ukiinama utaona kitu chekundu kimetokeza kati ya majani makavu, sawa nanasi dogo la kuchezea watoto. Kina magamba yenye ncha, moja juu ya lingine, ya rangi ya damu ao ya waridi. Maua yenyewe, madogo madogo, yamejibana katikati ya magamba yale. Hakuna jani. Hakuna shina la kijani. Hakuna tawi. Ni kichwa kile tu juu ya udongo, sawa mtu amekiweka pale na kwenda zake.

Katika vitabu vya elimu linaitwa Thonningia sanguinea. Jina la kwanza ni la kumkumbuka Peter Thonning, mtu wa Denmark, aliyekaa katika nchi tunayoiita leo Ghana tangu 1799 mpaka 1803, akikusanya mimea. Jina la pili ni la Kilatini na maana yake ni «ya damu». Aliyelipa ua jina hilo ni Martin Vahl, naye pia wa Denmark. Maandishi yake yalichapwa mwaka wa 1810, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa tangu 1804. Majina ya wazungu wawili, lakini ua ni la Afrika kabisa: linaota tokea Afrika ya Magharibi, kupitia misitu ya bonde la Kongo, mpaka Uganda na kaskazini ya Zambia. Misitu yenye kivuli na udongo wenye majimaji, sawa ile ya Tshopo, ndiyo nyumba yake.

Mtoto akiliona mara ya kwanza, ulizo lake ni moja: «Papa, hii maua haiko na majani. Inakula wapi?»

Ni ulizo zuri sana. Wakubwa wengi hawaulizi tena maulizo ya namna hiyo. Tujaribu kulijibu polepole.

JANI NI JIKO

Tuanze na mmea wa kawaida, tuseme mhindi wa shambani kwako. Rangi ya kijani ya jani lake inaitwa klorofili. Kazi yake ni kushika mwanga wa jua. Mizizi inaleta maji kutoka chini. Jani linavuta kutoka hewani gesi ileile ambayo sisi tunaitoa puani tukipumua. Kwa nguvu ya jua, jani linachanganya maji na gesi ile, na kinachotoka ni sukari. Kwa sukari hiyo mhindi unajenga shina, mizizi na mbegu.

Kwa hiyo jani ni jiko, klorofili ni mpishi, na jua ndio moto. Fikiri vizuri na utaona kwamba karibu kila kitu tunachokula kimepita katika jiko hilo: bukari, sombe, mafuta ya ngazi, hata nyama, kwa sababu mbuzi naye alikula majani. Makala yanayowaka katika mbabula ni mwanga wa jua ambao majani ya mti yaliushika miaka mingi iliyopita. Ukipika maharagi jioni, unafungua akiba ya jua la zamani.

Sasa tazama tena lile nanasi dogo jekundu. Halina jani, halina klorofili, basi halina jiko. Na mtu asiye na jiko, kama anataka kuishi, anapashwa kula kwa mwenzake.

SIRI IKO CHINI YA UDONGO

Ndivyo ua hili linavyofanya. Chini, mahali jicho halifiki, kuna uvimbe ulioshikamana na mzizi wa mti. Hapo mishipa ya ua imeungana na mishipa ya mti. Mti unateremsha sukari yake kutoka majani ya juu kabisa, kule kwenye jua, mpaka mizizini. Ua linachota sehemu yake palepale, pamoja na maji na chumvi za udongo. Kutoka kwenye uvimbe ule vinatambaa vishina vya chini ya ardhi, na mwisho wa kishina kinachomoza kile kichwa chekundu. Kwa hiyo vichwa vitano unavyoviona huku na kule vinaweza kuwa vya mmea mmoja, na baba yao wa chakula ni mti mmoja.

Ua hili halichagui sana. Linaweza kushika mizizi ya miti ya namna mbalimbali ya msitu. Katika mashamba ya mpira na ya kakao pia limeonekana, na pale mkulima hafurahi. Lakini sharti moja halibadiliki: mzizi uwe hai.

Mimea inayokula kwa mwenzake iko mingi duniani, na haiko namna moja. Wakulima wa mahindi na mtama katika Afrika wanajua gugu liitwalo Striga, lenye maua mazuri lakini likikausha shamba. Striga yenyewe ina majani ya kijani. Inapika kidogo na kuiba kidogo. Mbegu yake ni ndogo sawa vumbi na inaweza kulala udongoni miaka mingi. Haiamki mpaka ipate harufu ya mzizi wa mhindi karibu nayo.

Na sikieni jambo la ajabu. Wataalamu walijiuliza wakati mrefu: kwa nini mhindi unatoa harufu inayomwita adui wake? Jibu lilipatikana mwaka wa 2005. Harufu ileile mizizi inaitoa ili kuita rafiki, yaani kuvu wa udongoni wanaousaidia mmea kupata chumvi. Mhindi unapiga hodi kwa rafiki, na mwizi aliyelala karibu anasikia pia.

Thonningia imekwenda mbali kuliko Striga. Haipiki hata kidogo. Kila kitu inakipata kwa mti. Mwenzake wa mbali anayejulikana duniani kote ni ua la Rafflesia la misitu ya Asia, ambalo namna yake moja inatoa ua lenye upana karibu wa meta moja, kubwa kuliko yote. Lenyewe pia halina jani wala klorofili. Linaishi ndani ya mwili wa mzabibu wa pori.

MLANGO WA PILI: NYUZI ZA KUVU

Kuna mimea mingine isiyo na kijani katika misitu ya Kongo ambayo haigusi mzizi wa mti. Ni midogo, myembamba sawa uzi wa kushonea, mara nyingi myeupe au ya rangi hafifu. Wataalamu wanaiita Gymnosiphon, Sciaphila, na majina mengine. Inapita mlango wa pili.

Tuseme wazi. Katika udongo wa msitu kuna nyuzi nyembamba za kuvu, nyembamba kuliko unywele. Kuvu wengi wamefanya mapatano na miti: kuvu wanauletea mti maji na chumvi, na mti unawalipa sukari. Mimea ile midogo myeupe inajiunga na nyuzi za kuvu na kula humo. Chakula kinatoka jani la mti, kinashuka mzizini, kinapita kwa kuvu, kinafika kwa ua. Anayelisha ua hamwoni anayemlisha.

Sisi wa nchi ya miombo tunapashwa kuelewa jambo hili haraka, kwa sababu tunalila kila mwaka. Mvua ikianza, kando ya njia kuu mama wanauza uyoga kwenye mabeseni. Uyoga mwingi wa ile tunayoipenda ni matunda ya kuvu waliofungamana na mizizi ya miti ya miombo. Ndiyo maana huwezi kuupanda nyuma ya nyumba. Na mahali miti imekatwa yote, hata mvua inyeshe namna gani, uyoga ule haurudi. Bibi zetu walijua hilo bila mikroskopi: walikwenda kuokota chini ya miti ileile kila mwaka. Limbali ya Masako nayo ina kuvu wake wa namna hiyo mizizini.

NANI ANALITEMBELEA?

Ua linaloota chini gizani linapata namna gani wa kulibebea chavua kutoka kichwa cha kiume mpaka cha kike? Nyuki hawashuki sana huko. Mwaka wa 2012 watafiti wa Japani walitangaza yale waliyoyaona Bossou, katika nchi ya Guinea. Wanaolitembelea zaidi ni nzi. Nzi anakuja kwenye ua, anakula, anabeba chavua, tena anataga mayai. Ua likianza kuoza, funza wake wanakula uozo ule na kukua. Kwa hiyo ua linalolishwa na mti linalisha nzi, na nzi anailipa deni kwa kubeba chavua. Siafu na chungu wengine pia wanapita pale.

Watu nao wanalitumia. Katika Ghana waganga wa miti wanalitumia kwa ugonjwa wa kubanwa kifua. Watafiti walilichunguza na mwaka wa 2000 walitangaza kwamba wametoa ndani yake vitu viwili vipya, wakaviita kwa jina la ua lenyewe. Lakini vijana, tusikimbie. Kitu kuonekana katika chupa za watafiti si sawa na dawa ya kunywa. Mwenye kubanwa kifua aende kwa daktari.

JE, NI MWIZI?

Najua wengine wameanza kutafuta mafundisho: «Ah, basi ua hili ni sawa yule kijana mvivu, anakaa kwa mjomba, anakula, hafanyi kazi.» Mfano huo ni mwepesi, lakini si wa kweli. Kijana ana mikono na ameamua kuilaza. Ua halina kitu cha kuamua. Babu zake wa kale sana walikuwa na majani, lakini vizazi kwa vizazi katika giza, wanaoishi kwa mizizi walifaulu, na jani likapotea. Leo hata ukiliweka juani mchana mzima haliwezi kupika kijiko kimoja cha sukari. Litakauka tu.

Tena mti mkubwa wa msitu unaendelea kuishi pamoja nalo. Na ni lazima iwe hivyo. Mti ukifa, ua litakula nini? Mgeni anayebomoa nyumba aliyomo atalala nje.

Basi ulizo kubwa si kama ua ni zuri ao baya. Ulizo kubwa ni hili: kama unataka ua hili liendelee kuwapo, ulinde kitu gani?

UA LISILOHAMISHWA

Sisi wa migodi tunajua ua moja maarufu, ua la shaba, ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Linaota mahali udongo una shaba nyingi, hata watafuta madini wa zamani walilifuata ili kujua wachimbe wapi. Kilima chake kikichimbwa, ua lile linapoteza kwao. Lakini kuna njia ya kusaidia: wataalamu wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejifunza kuokota mbegu za mimea ya shaba, kuzitunza na kuzipanda mahali pengine. Si kazi nyepesi, na haifaulu kila mara. Hata hivyo mbegu ikipata udongo wake, maji na jua, ina jiko lake. Inaweza kuanza maisha.

Thonningia huwezi kuifanyia hivyo. Uking'oa kile kichwa chekundu na kukiweka ndani ya sufuria yenye udongo mzuri, umeshika ua lililokatwa, sawa mtu amekata kichwa cha kuku na kungojea kitage. Wale mimea midogo ya kuvu ni shida zaidi, maana utapashwa kuhamisha ua, kuvu na mti pamoja.

Kuna watu walijaribu kwa Rafflesia. Katika bustani ya mimea ya Bogor, nchini Indonesia, walifanya kazi miaka mingi. Mwaka wa 2010 ua moja lilifunguka. Namna gani? Hawakupanda ua. Walileta mzabibu wa pori ambao tayari ulikuwa na Rafflesia ndani yake, wakautunza mzabibu. Ukimtunza anayelisha, anayelishwa anaishi. Hakuna njia nyingine.

Basi kwa ua lisilo na majani, hakuna akiba ya ghala, hakuna sufuria. Kuna msitu tu, na mizizi hai ndani yake.

MASAKO LEO

Na hapa ndipo habari inakuwa nzito. Masako ni msitu mdogo, na Kisangani ni mji wa watu zaidi ya milioni moja. Kilometa 14 ni safari ya baiskeli, na watu wa Kisangani na toleka zao wanajua kubeba mizigo. Jamaa nyingi mjini zinapika kwa makala na kuni. Wakaaji wa vijiji vya kando wanahitaji shamba la muhogo na mpunga, tena feza ya shule na ya dawa. Basi panga linaingia. Ingawa karatasi ya 1953 inasema msitu wa akiba, sehemu za Masako zimekwisha kuwa mashamba, vichaka vya mashamba yaliyoachwa, na msitu mpya wa miti myepesi. Msitu wa zamani umepungua.

Tusiharakishe kumhukumu mtu wa makala. Mbele ya kumlaumu, tuulize nani ananunua gunia lake. Mto uleule wa Tshopo unaozunguka msitu unazungusha pia mashini za umeme mjini Kisangani tangu miaka ya 1950. Lakini umeme ule hautoshi, nyumba nyingi haziupati, na nyingine zinaupata leo na kuukosa kesho. Mama hawezi kungojea umeme wakati watoto wana njaa. Anawasha mbabula.

Na sisi? Sisi ndio wa kwanza kuelewa. Mwaka wa 1982 ulimalizika mstari mkubwa wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1,700, kwa ajili ya migodi. Nyaya zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinawasha koroboi. Katika miji yetu ya shaba pia, mashini za kampuni zinapata umeme na nyumba nyingi zinapika kwa makala ya miombo. Kila mwaka mtu wa makala anakwenda mbali zaidi kutafuta miti. Waulizeni wazee: zamani makala yalitoka kilometa ngapi, na leo yanatoka wapi?

Mti ukikatwa, majani yanakauka siku chache. Mzizi unaishi kidogo kwa akiba yake, kisha nao unakufa. Halafu kile kichwa chekundu hakitokezi tena. Hakuna anayelia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kilikuwapo. Labda msitu mpya ukiachwa miaka mingi, mzizi mwingine utashikwa, kwa kuwa Thonningia haichagui sana. Lakini wale wa kuvu wanahitaji mapatano ya zamani kati ya mti na udongo, na mapatano yale hayatengenezwi kwa mwaka mmoja.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, katika nyumba. Maharagi yakilowekwa usiku mzima yanaiva upesi. Sufuria ifunikwe. Mbabula iliyopakwa udongo wa mfinyanzi ndani inashika moto vizuri kuliko ya bati tupu. Maneno haya ni madogo, lakini gunia la makala lililotosha majuma mawili likitosha matatu, feza imebaki nyumbani na mti mmoja umebaki porini.

Pili, makala yapandwe. Huko Mampu, katika nchi ya Bateke, upande wa mashariki wa Kinshasa, walipanda kati ya 1987 na 1993 hekta karibu 8,000 za akasia, miti inayokua haraka. Jamaa zinazokaa pale zinakata kwa zamu, zinachoma makala, zinapanda muhogo kati ya miche, na akasia zinaota tena. Upande wa Yangambi, kilometa 100 hivi kutoka Kisangani, kazi ya kupanda miti ya makala imeanzishwa pia. Shamba la akasia halina Thonningia wala limbali, ni kweli. Lakini kila gunia linalotoka huko ni gunia ambalo halikutoka Masako.

Tatu, vijana: andikeni. Mnajua majina ya miti, ya uyoga na ya maua katika lugha za bibi zenu. Majina yale hayamo katika vitabu vyote. Pale Yangambi kuna nyumba ya mimea iliyokaushwa, kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati, yenye mimea karibu 150,000 iliyobandikwa kwenye karatasi. Kila moja ilianza na mtu mmoja aliyeinama, akaangalia, akauliza jina.

Nne, ukikutana na ua la namna hii, usilichimbue kuangalia mzizi. Piga foto, andika mahali na siku, liache.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kati ya vyakula tulivyokula leo, kipi hakikupita katika jiko la jani la kijani? Tafuteni vizuri.

2. Uyoga tunaonunua wakati wa mvua unatoka pori gani? Pori lile liko namna gani leo?

3. Gunia la makala linatosha nyumba yetu siku ngapi? Andikeni tarehe mlipolifungua na tarehe lilipokwisha. Mwezi ujao jaribuni kuongeza siku mbili.

4. Kwa wazee: mlipokuwa vijana, ni maua gani mliyaona porini ambayo wajukuu wenu hawajayaona?

Wapenzi wasomaji, karatasi imejaa. Mwezi ujao tutarudi kwetu, tutazungumza juu ya mchwa na vichuguu vyao. Mbaki salama.